Konea kulegea baada ya LASIK: je, CXL inakaza panapostahili kukazwa?

#1 Ramani_ya_Konea
Wakuu, salaam. Naleta hoja, na jicho la kuijadilia.

Mgonjwa alifanyiwa LASIK (leza ya kurekebisha uoni) akiwa na miaka 31. Kabla ya LASIK konea (kioo cha mbele cha jicho) ilikuwa maikroni 512 katikati, namba ya miwani −6.50. Kifuniko (tabaka la juu la konea linalofunuliwa ili leza ipigwe chini yake) kilikatwa kwa wembe, maikroni 160, na leza ilipigwa kwenye eneo la milimita 6.5. Kwa hesabu ya kawaida leza ilikula takribani 92, kwa hiyo chini ya kifuniko zilibaki 260, juu kidogo ya ule mpaka wa usalama wa 250. Topografia (ramani ya mkunjo wa konea) ya kabla ya upasuaji haina kasoro inayoonekana. Sasa ni mwaka wa nne. Kmax (mkunjo mkali kuliko wote, kwa dayopta) imepanda kutoka 41.6 hadi 44.9 ndani ya miezi tisa, astigmatizimu imeongezeka, na mahali pembamba kuliko pote pamefika 408, tena pamehamia chini na nje ya katikati.

Hoja yangu: jicho hili tukilipa CXL (kukaza konea kwa matone ya riboflavini na mwanga wa UVA) ileile ya keratokonusi (ugonjwa wa konea kulegea na kuchongoka), sehemu kubwa ya ukazaji inaishia kwenye kifuniko, na kifuniko hakibebi mzigo. Ndiyo maana CXL baada ya LASIK huonekana hafifu kuliko kwenye keratokonusi. Anayepinga aje na sababu.

#2 StromaYaMbele
Naunga mkono. Kifuniko hakirudi kuungana kama zamani hata baada ya miaka. Konea za marehemu waliowahi kufanyiwa LASIK zilipovutwa maabara, kovu la katikati lilikuwa na karibu 2% tu ya nguvu ya konea nzima, na lile la ukingoni karibu 28%. Kwa maneno mengine kifuniko kimelazwa pale, hakijashikana. Na kilichokatwa ndicho kilichokuwa bora, maana stroma (nyama yenyewe ya konea) ya mbele ina nyuzi zilizosukwa kwa kupishana, ngumu kuliko za nyuma.

CXL hugusa takribani maikroni 300 za mbele. Toa 160 za kifuniko, kitandani (konea iliyobaki chini ya kifuniko) zinafika 140 tu.

#3 Kipimo_Sahihi
StromaYaMbele, hesabu hiyo irekebishwe. Zile 160 zimejumlisha epitheliamu (ngozi ya juu ya konea), ambayo ni kama 50, na kwenye CXL ya kawaida epitheliamu inakwanguliwa kwanza. Kifuniko kinabaki na stroma ya 110. Kwa hiyo katika zile 300, kitandani zinaingia 190 kati ya 260 zilizopo. Hiyo ni karibu robo tatu ya kitanda. Hoja ya #1 inapungua uzito.

#4 StromaYaMbele
Sawa, 190. Lakini ukazaji haugawanyiki sawasawa kwa kina. Riboflavini inanyonya UVA kadiri mwanga unavyoshuka, kwa hiyo tabaka la kwanza linapata dozi kubwa kupita yote na chini yake inashuka haraka. Oksijeni nayo iko nyingi juu, na bila oksijeni viunganishi havitengenezwi ipasavyo. Zile 110 za kwanza ndizo zinazokula minofu, na hizo zote ni kifuniko. Kitanda kinapata mabaki.

#5 Dkt_Kioo
Mimi napinga kwa njia nyingine kabisa. Tunauliza kwa nini CXL ni dhaifu kwenye macho haya kabla ya kuuliza kama kweli ni dhaifu. Kipimo kinachotumika ni kushuka kwa Kmax, na inajulikana kwamba macho yenye Kmax kubwa, kuanzia 55 hivi, ndiyo yanayoshuka zaidi baada ya CXL. Jicho la LASIK lilishasawazishwa na leza. Lina Kmax ya 45, litashuka wapi? Ukilinganisha ushukaji wa 45 na wa 58 unalinganisha vitu viwili tofauti. Swali ni moja tu: ulegeaji umesimama au haujasimama?

Marekani CXL iliidhinishwa mwaka 2016 kwa hatua mbili, Aprili kwa keratokonusi inayoendelea na Julai kwa ektasia (huku kulegea kwa konea) ya baada ya upasuaji wa leza. Kwenye kundi hili la pili mabadiliko ya Kmax yalikuwa madogo, wastani chini ya dayopta 1, lakini macho ambayo hayakutibiwa yalizidi kuchongoka. Hiyo ndiyo tofauti yenye maana.

#6 Bundi_wa_Topografia
Wote mnaanzia baada ya kosa kutokea. Chanzo cha jicho hili ni nini? Naona kama keratokonusi iliyokuwa imejificha. "Topografia safi" maana yake nini, uso wa mbele peke yake? Tuwekee ramani ya uso wa nyuma, na tofauti ya mkunjo kati ya juu na chini. Ikivuka 1.4, jicho lile halikutakiwa kuguswa.

#7 Ramani_ya_Konea
Juu na chini zilitofautiana 0.6. Uso wa nyuma haukupimwa, kulikuwa na topografia ya duara za Placido tu, inayosoma uso wa mbele.

#8 Kipimo_Sahihi
Hapa kuna jambo zito. Tumieni zile alama za hatari za Randleman za 2008: topografia 0, umri 0, namba ya miwani 0, unene wa 512 ni 0, mabaki ya 260 ni alama 2. Jumla 2, yaani hatari ndogo. Sasa chukueni kigezo cha Santhiago cha 2014, asilimia ya tishu iliyoguswa: kifuniko 160 jumlisha leza 92 ni 252, gawa kwa 512, unapata 49%. Mpaka ni 40%. Kigezo kimoja kinasema endelea, kingine kinasema acha kabisa, kwa jicho lilelile na siku ileile.

Na hiyo 160 yenyewe imepimwa, au ni namba iliyoandikwa kwenye kifaa? Wembe ulioandikwa 160 unaweza kukata 130 au 190. Ikiwa 190, mabaki ni 230 na mjadala wa 250 unakufa. OCT (skani ya tabaka za jicho) ya sehemu ya mbele inaonyesha mstari wa kifuniko hata baada ya miaka. Pima.

#9 Nuru_Kali
Au anasugua macho. Mmemuuliza?

#10 Bundi_wa_Topografia
Nuru_Kali swali zuri, ila kusugua peke yake hakutoshi kueleza kila jicho. Wapo wanaosugua maisha yao yote na konea ziko salama.

#11 Nuru_Kali
Sikusema kila jicho. Nasema aulizwe vizuri. Usimuulize "unasugua macho?" maana atajibu hapana. Mwambie "nionyeshe unavyofanya jicho linapowasha". Akikunja ngumi na kuzungusha vifundo vya vidole, jibu umelipata. Muulize pia analalia upande gani, kisha linganisha na jicho lililoharibika zaidi. Mwenye mzio aanzishiwe matone ya kuzuia mwasho kabla ya CXL, la sivyo utakaza leo na yeye ataendelea kukanda kila usiku.

#12 MamaLenzi
Kabla hamjafika kwenye mionzi, hakikisheni ni ektasia kweli. Namba kurudi nyuma baada ya LASIK kuna sababu nyingi: epitheliamu kuwa nene katikati, jicho kukauka, epitheliamu kuota chini ya kifuniko, hata lenzi ya ndani kuanza ukungu. Kosa baya kuliko yote ni kumwona mtu amerudi −1.50 ukampiga leza ya pili, kumbe konea inalegea. Unachimba shimo lilelile.

Vipimo viwili vya tarehe tofauti, mashine ileile, na kama anavaa lenzi avue kwanza: ngumu angalau wiki 2, laini siku 3 hadi wiki. Lenzi ngumu hubonyeza konea, na mabadiliko ya Kmax ya dayopta 1 yanaweza kuwa ni alama ya lenzi tu.

#13 Dkt_Kioo
MamaLenzi umenena. Naongezea: makubaliano ya kimataifa ya 2015 yanataka angalau mambo mawili kati ya matatu yawe yanaendelea, yaani uso wa mbele kuchongoka, uso wa nyuma kuchongoka, na konea kuwa nyembamba. Na mabadiliko yavuke kosa la kawaida la mashine. Kwa #1, dayopta 3.3 kwa miezi tisa pamoja na wembamba uliohama, sioni cha kusubiri.

Ila presha ya jicho, jamani. Konea nyembamba hudanganya kipimo cha Goldmann, kinasoma chini. Aliyewahi kukaa kwenye steroidi muda mrefu anaweza kuwa na presha ya juu huku mashine ikisoma 14. Maji hujikusanya chini ya kifuniko, naye anaonekana kama ana uvimbe au ektasia. Tumia kipimo kisichotegemea unene, au pima pembeni nje ya eneo la leza.

#14 Mwanafunzi_Optometria
Asanteni wakuu. Mwenye hatua za CXL kwa jicho lenye kifuniko atuwekee. Za keratokonusi zinapatikana kila mahali, lakini kifuniko hakitajwi.

#15 Dkt_Kioo
Nitaeleza pale panapotofautiana, mengine ni Dresden ya kawaida (utaratibu wa awali wa CXL, wa mwanga wa dakika 30).

Kukwangua epitheliamu ndipo kifuniko kinapoharibika. Kwanza tafuta bawaba ya kifuniko iko wapi, juu au upande wa pua, uichore kwenye karatasi. Ulegeze epitheliamu kwa alkoholi ya 20% ndani ya pete ya milimita 8 hadi 9 kwa sekunde 20 hadi 30, kausha kwa sponji kabla hujaondoa pete ili alkoholi isimwagike ukingoni, kisha osha vizuri. Kwangua kwa kifaa butu, kuanzia upande wa bawaba kuelekea nje, wala usiburute kutoka ukingoni kuingia ndani. Ukianzia ukingoni, ncha inaingia chini ya kifuniko na kukiinua, hata kama LASIK ilifanyika miaka kumi iliyopita. Kikiinuka kidogo tu, seli za epitheliamu zinapata njia ya kuingia chini na baadaye utaziona zimeota kama visiwa vyeupe. Wengine hukwepa hatari hiyo kwa kuondoa epitheliamu kwa leza ya eksaima, kina cha 50.

Riboflavini 0.1%, tone kila dakika 2 kwa dakika 30. Hakikisha imefika: kwa mwanga wa buluu wa taa ya mpasuo unaona rangi ya manjano ndani ya chumba cha mbele. Isipoonekana, endelea kudondosha. Halafu pima unene. Stroma isiyo na epitheliamu iwe 400 au zaidi kabla ya kuwasha taa. UVA ya nanomita 365 hadi 370, milliwati 3 kwa sentimita ya mraba kwa dakika 30, huku ukiendelea kudondosha. Jumla ni jouli 5.4.

Ukimaliza osha, weka antibiotiki na lenzi laini ya kufunika kidonda. Epitheliamu hufunga siku 3 hadi 5. Lenzi isitolewe kabla, na ikitolewa iloweshwe kwanza. Ukiivuta kavu unaweza kuondoka na epitheliamu mpya pamoja na ukingo wa kifuniko.

#16 Kipimo_Sahihi
Hapo kwenye 400 ndipo jicho la #1 linapokwama. 408 toa 50 ni 358. Na riboflavini yenye dekstrani inanyonya maji, konea inazidi kusinyaa mezani. Ukipima mwanzoni tu, ukawasha taa, unaweza kuwa unaangaza kwenye 330 bila kujua. Seli za endotheliamu (tabaka la ndani kabisa la konea) zinaanza kufa zikipokea takribani milliwati 0.35 kwa sentimita ya mraba, nazo hazizaliwi upya. Pima unene katikati ya zoezi pia.

#17 Mwanafunzi_Optometria
Basi yenye 358 inaachwa tu?

#18 Kipimo_Sahihi
Haiachwi. Njia ni tatu, kila moja na gharama yake.

Kwanza, riboflavini isiyo na dekstrani, ile nyepesi, inavimbisha konea. Dondosha kila sekunde 20 kwa dakika 5, pima, rudia mpaka ufike 400. Ubaya wake, uvimbe haudumu, na stroma iliyojaa maji ina nyuzi chache kwa kila maikroni, kwa hiyo unakaza maji zaidi ya nyuzi.

Pili, kuweka juu ya konea lenzi laini iliyolowekwa riboflavini nusu saa. Inaongeza kama 100. Lenzi iwe ile isiyozuia UV! Lenzi nyingi za kuvaa kila siku zina kizuizi cha UV ndani yake. Ukitumia hiyo umemlaza mgonjwa nusu saa bure, na hutajua mpaka uje kutafuta mstari wa kina (alama ya pale ukazaji ulipofikia) usiuone. Lenzi pia inabana oksijeni.

Tatu, kupunguza muda wa mionzi kulingana na unene uliopimwa pale pale mezani, milliwati 3 ileile lakini dakika chache kadiri stroma ilivyo nyembamba. Hafezi na wenzake walichapisha matokeo yake 2021, kwa stroma kuanzia 200. Kwa macho ya LASIK hii ndiyo ninayoiona ya haki zaidi, maana hudanganyi unene.

#19 Leza_ya_Haraka
Nusu saa mezani ya nini siku hizi? Weka 9 kwa dakika 10, kazi imeisha.

#20 Nuru_Kali
9 ni mara tatu ya 3, huoni unampa dozi mara tatu?

#21 Leza_ya_Haraka
Fanya hesabu mkuu. Milliwati 9 kwa sekunde 600 ni jouli 5.4. Milliwati 3 kwa sekunde 1800 ni jouli 5.4. Jumla ni ileile.

#22 StromaYaMbele
Jumla ni ileile, kazi si ileile. Ukiangaza kwa nguvu, oksijeni ya ndani inakwisha ndani ya sekunde chache na haijazwi kwa kasi hiyo. Mstari wa kina unaoonekana kwenye OCT mwezi mmoja baadaye huwa karibu 300 kwa Dresden, na kwa dozi za haraka unapanda juu. Kwenye keratokonusi unaweza kuvumilia. Kwenye jicho la LASIK, mstari ukisimama 200, toa 110 za kifuniko, kitandani umekaza 90. Kama kuna jicho lisilofaa kuharakishwa ni hili.

#23 Leza_ya_Haraka
Ndiyo sababu mionzi inakatizwakatizwa, sekunde inawaka, sekunde inazima, oksijeni irudi. Na muda mfupi unapunguza kukauka na kusinyaa kwa konea kulikotajwa #16. Msitoe faida zake kwa kuwa tu ni mpya.

#24 Dkt_Kioo
Wakuu wote wawili wana hoja. Niongeze ya baada ya matibabu maana huko ndiko wagonjwa wanakotishika. Mwezi wa kwanza Kmax inaweza kupanda, isisomwe kama kushindwa. Unene unashuka, unafika chini kabisa kwenye mwezi wa 3, kisha unarudi taratibu hadi mwaka. Sehemu ya ushukaji huo ni ya uongo: ukungu wa stroma unaichanganya kamera ya Scheimpflug, inasoma nyembamba kuliko ilivyo. Pima kwa OCT au ultrasauti kabla hujasema inaendelea kuyeyuka. Ukungu huwa mzito mwezi wa 1 hadi wa 3, wengi unapungua kabla ya mwaka kuisha.

Matone ya steroidi yaanze epitheliamu ikishafunga, yapunguzwe kwa wiki kadhaa, na presha ipimwe kwa tahadhari ya #13. Matone ya maumivu ya kundi la diklofenaki yasimwagwe ovyo kwenye kidonda wazi, yanachelewesha kufunga na konea inaweza kuyeyuka. Aliyewahi kuugua malengelenge ya jicho alindwe kwa dawa ya virusi, UVA huyaamsha. Maumivu yakizidi baada ya siku ya 3 badala ya kupungua, au doa jeupe likionekana, ni dharura. Lenzi itolewe, doa likwanguliwe kwa vipimo vya maabara, na antibiotiki ziongezwe siku hiyohiyo.

#25 MamaLenzi
Na baada ya yote hayo mgonjwa anarudi kuuliza "mbona bado naona vivuli?" Aambiwe mapema: CXL inasimamisha, haimrudishii uoni. Uoni ni kazi ya lenzi.

Jicho la LASIK haliwi kama keratokonusi kwenye lenzi, na hapa wengi wanakwama. Keratokonusi ni mlima. Jicho hili ni bonde katikati, na kilima chini yake. Lenzi ya kawaida ya sklera (ile kubwa inayotua kwenye weupe wa jicho) ukiiweka, katikati inaacha maji ya 500 na huku pembeni ya eneo la leza inagusa. Ukiipunguza urefu ili katikati pashuke, pale inapogusa panasagika. Agiza yenye mkunjo wa kinyume, bapa katikati na inayopanda kabla ya kutua.

Kupima: weka fluoresini ndani ya bakuli la lenzi kabla ya kuivisha, maana ikishatua haiingii tena. Ijaze chumvi ya 0.9% isiyo na kihifadhi mpaka iwe imefura juu, mgonjwa ainamishe uso uwe sambamba na sakafu. Kwa mwale mwembamba wa taa ya mpasuo linganisha unene wa lenzi yenyewe, tuseme 300, na ule mkanda wa kijani chini yake. Ikilingana, una 300. Mwanzoni hiyo inafaa, kwa sababu ndani ya saa kadhaa itazama 100 hivi. Zungusha mwale kila pembe, usitazame katikati tu. Mishipa ya weupe wa jicho ikififia chini ya ukingo, imebana. Kiputo cha hewa kikionekana, ivue uijaze upya. Nyenzo iwe ya kupitisha oksijeni sana, Dk 100 kwenda juu. Asilale nayo, na asiijaze wala kuiosha kwa maji ya bomba. Akanthamiba (kimelea cha majini) kwenye konea kama hii ni maafa.

Baada ya CXL ngoja mwezi 1 hadi 3 kabla ya kupima lenzi mpya.

#26 Fundi_Pete
Pete za ndani ya konea hamjazitaja. Watu huogopa pete kwa jicho la LASIK kwa kuwa ni jembamba, lakini wembamba uko katikati. Pete inakaa kwenye mzunguko wa milimita 5 au 6, na huko mara nyingi kuna 480 au zaidi. Unapima unene pale handaki litakapopita, wala si katikati. Kina kiwe 75 hadi 80% ya unene huo, na pete isizidi nusu yake. Handaki likiwa juu juu, pete itatoka nje siku moja. Mlango wake uwe chini ya kifuniko, maana ukiingia kwenye mstari wa kifuniko, kifaa kinafuata njia rahisi na kukitenganisha. Leza ya femtosekunde inasaidia sana hapa. Na pete zitangulie, CXL ifuate au ziende pamoja. Ukikaza kwanza, konea haikubali tena kusawazishwa na pete kwa kiasi kilekile.

#27 Leza_ya_Haraka
Na kusawazisha kwa leza ya kuongozwa na topografia pamoja na CXL, ile ya Kanellopoulos?

#28 Bundi_wa_Topografia
Leza tena juu ya jicho lililoharibiwa na leza? Hapana.

#29 StromaYaMbele
Bundi, usiikate haraka. Leza hiyo isiyozidi 50 inakula kifuniko, na kifuniko tumekubaliana hakibebi mzigo. Umepunguza kisichofanya kazi, na juu ya hapo UVA inafika kitandani kwa nguvu zaidi.

#30 Kipimo_Sahihi
Tumekubaliana nani na nani? Zile 28% za ukingoni umezisahau. Na jicho la #1 lina 358. Toa 50 uone unakwenda kuangaza kwenye nini. Labda kwa mwenye 450.

#31 Nuru_Kali
Vipi timololi? Mzigo wa ukuta wa konea unategemea presha. Ukipunguza presha unapunguza mvutano.

#32 Dkt_Kioo
Fizikia ni sawa, na kuna ripoti za ektasia changa zilizorudi nyuma kwa dawa za presha. Ni ya kununua muda wakati mgonjwa anasubiri CXL, au mjamzito asiyetaka kuguswa kwa sasa. Ila kwa mjamzito dawa hizo nazo ziangaliwe, na apimwe kila miezi 3, maana homoni hulainisha konea.

#33 Mwanafunzi_Optometria
Vyote vikishindwa, upandikizaji wa aina gani?

#34 Fundi_Pete
Endotheliamu ikiwa nzima, wa tabaka za mbele, unaacha utando wa Descemet na endotheliamu yake. Hatari ya mwili kukataa inapungua sana. Tatizo la jicho la LASIK: kifuniko kina kipenyo cha milimita 9 hivi na konea mpya ni 8. Ukikata 8 unabakiza pete nyembamba ya kifuniko pembeni, inayoweza kuachana na kitanda wakati wa kukata au kushona. Panga kipenyo baada ya kuona mstari wa kifuniko kwenye OCT, na sindano zishike chini ya mstari huo. Nyuzi zikae mwaka mmoja au zaidi.

#35 MamaLenzi
Na atakapofika umri wa mtoto wa jicho, kumbukumbu zake zote za kabla ya LASIK zitahitajika. Hesabu za lenzi ya kupandikiza zinadanganyika na konea iliyosawazishwa, mtu anabaki na namba ya kuongeza. Kuna fomula za macho ya LASIK kama Barrett True-K, lakini konea iliyolegea inazitikisa nazo. Mwenye kuvaa lenzi ngumu na atakayeendelea kuivaa asiwekewe lenzi ya ndani ya astigmatizimu. Ile ngumu inafuta ya konea, na ya ndani inabaki imezidi.

#36 Ramani_ya_Konea
Asanteni. OCT imefanyika: kifuniko kimepimwa 171 katikati, 184 upande wa nje. Mabaki kwa hesabu hiyo ni 249 katikati, na chini upande wa nje pungufu. Anasugua, kwa vifundo vya vidole kama alivyosema Nuru_Kali. Mpango ni matone ya mzio kuanzia sasa, CXL ya Dresden kwa muda uliopunguzwa kulingana na unene wa mezani, epitheliamu itolewe kwa leza, lenzi ya sklera ya mkunjo wa kinyume baada ya mwezi wa 3.

#37 Bundi_wa_Topografia
171 au 184 bado hazielezi kwa nini ilegee mwaka wa nne na isilegee wa kwanza. Ramani ya uso wa nyuma ya jicho la pili iko wapi? Kama hilo nalo limeanza, ni keratokonusi.

#38 StromaYaMbele
Jicho la pili lilikatwa kwa wembe uleule, mkuu. Likilegea nalo halithibitishi lolote.

#39 Kipimo_Sahihi
Ramani_ya_Konea, epitheliamu kwa leza ya 50 kwenye jicho hili inahitaji ramani ya epitheliamu kwanza. Juu ya kilima huwa nyembamba, inaweza kuwa 40 au pungufu, na katikati palipopigwa leza inaweza kufika 60. Ukipiga 50 sawasawa, pale kilimani utakula 10 za stroma, hapohapo palipo pembamba kuliko pote. Tuwekee ramani hiyo ya macho yote mawili kabla tarehe haijapangwa.